Kalunguyeye Aliyeacha Kulia

6 Februari

Mdogo wangu,

Sisi huku wazima, nami natumaini huko nako unaamka salama. Paa la jikoni linavuja. Fundi amekuja mara mbili na kuondoka mara mbili, kwa hiyo naweka sufuria chini ya tundu na maisha yanaendelea. Kazini bado niko kwenye pasi. Hospitali imeongeza vitanda, maana yake mashuka yameongezeka, na wapiga pasi ni walewale wanne. Miguu inawaka moto lakini nasimama.

Mwanao amekua. Viatu ulivyomwachia havimwingii tena, na jino la mbele limetoka, akisema "shangazi" upepo unapita. Bado anaongea kama mtu mzima, ndiyo maana lile jina la Kibibi halimtoki hata shuleni.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Tangu uandike kwamba likizo ya Januari umenyimwa, analia kila asubuhi. Si kulia kwa kudeka. Akifika kwenye geti la shule anashika chuma, mimi na mwalimu tunamwachanisha kidole kimoja kimoja. Ulipopiga simu zile mara mbili alikaa nayo sikioni bila neno hadi ikakatika, wewe mwenyewe ulisikia. Mama yake alipofariki alikuwa na miaka mitatu, hakuelewa. Sasa ana sita na anaelewa kuliko tunavyodhani. Juzi aliniuliza, "Shangazi, baba naye ameenda alikoenda mama, ila mnanificha?" Nikasema hapana, baba yuko kazini. Akasema, "Mbona na mama mlisema amesafiri?" Ni kweli tulisema hivyo.

Mwandikie yeye, si mimi. Hata maneno machache. Nitamsomea.

Dada yako


27 Februari

Dada yangu mpendwa,

Barua imenifikia Jumanne, imelowa pembeni lakini inasomeka. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mimi mwili upo. Nisalimie wapiga pasi wenzako, hasa yule anayesema niligawiwa masikio ya watu wawili. Huyo fundi wa paa mfungie ndani mpaka amalize.

Kazi ni ileile ya maboksi. Nimetolewa kwenye mashine ya kukatia, sasa niko upande wa kufunga mafurushi kwa kamba. Wamenihamisha tu.

Ile habari ya geti niliisoma nikaikunja barua, nikaifungua tena kesho yake. Nimejaribu kumwandikia. Karatasi ya kwanza niliandika "mwanangu usilie", nikaona ni maneno ya mtu asiye na la kusema. Unajua niliishia darasa la sita, na hata humo nilikaa karibu na dirisha. Basi nikaamua kuchora. Mashine huacha vipande vyembamba vya kadibodi, virefu kama mkono, vinatupwa. Nimechukua kimoja nikakikunja mikunjo minane kama feni ya kujipepea, kila mkunjo picha moja. Kalamu ni ile nene tunayoandikia mafurushi.

Ni hadithi ya kalunguyeye mdogo wa kike. Nimemchagua kwa sababu ni rahisi: nusu duara, vijiti mgongoni, pua. Ukimwona kama ufagio uliolala, usiseme mbele ya mtoto. Baba yake amekwenda kufanya kazi mbali. Kila asubuhi anajikunja, anakuwa mpira wa miiba, analilia humo ndani. Anayemgusa anachomwa. Nataka Kibibi ajue wapo wengine wanaojikunja. Katika mkunjo wa saba kalunguyeye ameacha kulia, na katika wa nane baba yuko mlangoni na begi. Mwisho nimeuweka wa furaha, maana ni mtoto.

Kichwani nilikuwa na picha kumi lakini mikunjo iliisha, nikaruka mbili, zile zinazokuja kabla ya baba kufika. Haidhuru, inaeleweka.

Mdogo wako


22 Machi

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, mashine ya kukaushia inazunguka na msimamizi wetu amekwenda kunywa chai. Fundi amemaliza paa. Sasa linavuja mahali pengine, lakini padogo.

Sijui nikushukuruje. Ukanda wako wa kadibodi ulifika Jumatano. Alinisomesha mara sita jioni ileile, mara ya saba akaniondoa akasema nasoma vibaya, akajisomea mwenyewe kwa kuangalia picha. Siku ya pili alikwenda kwenye geti akaliangalia, akaingia. Hakulia. Mwalimu akaniuliza, "Umempa dawa gani?" Nikamwambia kadibodi.

Mpaka leo hajadondosha chozi. Mfuniko wa sufuria ulimwangukia mguuni, akafumba macho tu, akasubiri maumivu yapite. Nilimsifu, nikamwambia mtoto mkubwa ndiye huyu. Kila jioni anachora mstari mmoja wa mkaa ukutani nyuma ya mlango. Anasema anahesabu siku. Sijamgombeza, mkaa unafutika.

Likizo utaomba tena lini? Mchoraji wetu tunataka kumwona sura.

Dada yako


11 Aprili

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako kwa sauti wakati wa chakula, na mimi si mtu wa kusoma kwa sauti. Wote mlio hapo nyumbani nawasalimu. Mimi nakula, nalala kiasi.

Habari ya ukanda imeenea humu. Wengi wetu tumeacha watoto. Mmoja ana wa kiume anayepiga wenzake, akaniambia, "Nichoree cha hasira." Nikamchorea chungu kinachochemka ambacho hakuna anayejua kuinua mfuniko wake, mpaka mtoto anajifunza kusema "nimekasirika" na mvuke unatoka kidogo kidogo. Mwingine binti yake amekuwa mzito, hachezi, anakaa tu. Huyo nilimchorea ndege aliyebeba jiwe tumboni. Hakulitapika. Wenzake walijifunza kuruka polepole ili wawe naye. Huyu baba alipoangalia alisema, "Huyo ni mimi, si binti yangu," halafu akacheka, halafu akakiweka mfukoni.

Msimamizi alitukuta na rundo la mabaki, akauliza ni wizi wa namna gani huu. Tulipomwonyesha akasoma cha chungu chote, akasema, "Msichukue kadibodi ya tabaka tatu." Kwetu hiyo ni ruhusa. Mrefu, mwenzangu wa chumba, yule anayeinama kwenye kila mlango, ndiye mpaka rangi. Anapaka kwa mkono wa kushoto na anatoka nje ya mistari, lakini watoto hawajali.

Nafurahi mwanangu ametulia. Mwambie baba anajivunia.

Mdogo wako


19 Juni

Mdogo wangu,

Tuko hai, ndilo ninaloweza kuandika kuhusu afya. Nimechelewa kukujibu na si kwa sababu ya kazi. Niliandika mara tatu nikachana, kwa sababu kila mara niliandika kwamba hajambo.

Hakuwa hajambo. Tangu mwishoni mwa Machi anakojoa kitandani. Mikono ya sweta ameitafuna mpaka nyuzi zimeachana. Mwezi uliopita nikimwogesha niliona alama za meno kwenye mkono wake, juu ya kiwiko, mahali panapofichwa na nguo. Meno ni yake, pengo linaonekana. Sikukwambia kwa sababu niliona aibu. Nilikuwa nimekusifia.

Nilimweleza muuguzi wa kliniki ya watoto alipokuja kuchukua mashuka. Akasema nimlete, na nilete hicho kitabu cha kadibodi. Alimpa karatasi, Kibibi akachora kalunguyeye. Hana mdomo. Muuguzi akauliza, "Mdomo uko wapi?"

"Nimeufuta. Akiwa nao atalia."

"Akilia itakuwaje?"

Akamwangalia kama mtu asiyejua mambo. "Baba hatarudi. Siku zinaanza upya."

Kumbe ile mistari ukutani ni siku za kutolia. Ukanda wako, mdogo wangu, uangalie tena. Mkunjo wa saba ameacha kulia. Wa nane baba yuko mlangoni. Picha zimepakana. Mtoto amesoma kilichochorwa: ukinyamaza, baba anakuja. Mara mbili alilia akiwa usingizini, asubuhi akafuta mistari yote akaanza na mmoja. Mimi nilimwona akifuta nikadhani anasafisha.

Muuguzi hakutulaumu. Alisema hadithi ni nzuri, imepungukiwa tu, na wewe ndiye unayejua kilichopungua. Lakini mimi najilaumu. Nilimwambia mtoto mkubwa ndiye asiyelia.

Sasa nami nina swali langu. Januari ulisema umenyimwa likizo. Machi nilikuuliza utaomba lini, ukanijibu habari za chungu na ndege. Sikuulizi kwa hasira. Nauliza kwa sababu mtoto anajing'ata.

Dada yako


3 Julai

Dada,

Barua yako niliipata Jumatatu. Salamu zangu chukua, ila leo nitazifupisha, unisamehe.

Likizo sikunyimwa. Nilipewa siku ishirini na moja. Nilifunga begi, nikavaa viatu, nikakaa kitandani, na nilikaa hapo mpaka saa ya basi ikapita.

Desemba, Mrefu alikatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia kwenye mashine ya kukatia. Mimi ndiye niliyebonyeza swichi. Alikuwa amesema "washa", kila mtu alimsikia, na yeye mwenyewe mpaka leo anasema alisema. Hakuna aliyenilaumu. Lakini tangu siku ile mikono yangu inatetemeka. Kijiko kinagonga sahani. Mashine ikiwaka natoka jasho hata nikiwa mbali nayo, ndiyo maana nimehamishwa. Nilipokaa pale kitandani niliwaza nitambebaje mtoto kwa mikono hii, na akiniuliza nitamjibu nini. Nikakuandikia kwamba nimenyimwa. Ilikuwa rahisi, neno moja tu.

Na nilikwambia mikunjo iliisha. Vipande vilikuwa vimejaa miguuni pangu, ningeweza kukunja mia. Zile picha mbili sikutaka kuzichora.

Mrefu ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa zahanati ya hapa. Alisema, "Mimi nimepoteza vidole, wewe unataka kupoteza vyote." Nimekwenda mara nne. Daktari ananiuliza, na nisipojibu ananiacha. Anasema ni mshtuko, unatibika, na una muda wake. Nimeanza kulala. Sikukwambia kwa sababu wewe una mashuka na una mwanangu, nikaona mzigo wa tatu utakuelemea. Sasa naona uliubeba tu bila kujua ni nini.

Humu ndani kuna zile picha mbili. Ubandike baada ya mkunjo wa saba kwa gundi ya unga. Katika ya kwanza kalunguyeye analia tena, na hakuna kinachoharibika. Jua lipo, nyumba ipo, shangazi yake yupo, amekaa umbali wa mwiba mmoja anamsubiri. Katika ya pili ni baba huko mbali, amejikunja naye, mpira mkubwa wa miiba. Ameona kitu kikamtisha. Karibu naye ameketi mwenzake mrefu. Maneno nimeandika chini, ukiona makosa yarekebishe.

Ule wa baba mlangoni uukate uuweke kabatini. Nilikuwa nimemwahidi mtoto kitu ambacho sikuwa na nguvu nacho. Na umwambie ukweli wa mikono yangu, kwa maneno anayoweza kuyabeba. Tulishamwambia uongo wa safari mara moja.

Mdogo wako


28 Julai

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na hizi nazituma nikiwa nimekaa, si nimesimama. Leo ni siku yangu ya mapumziko.

Kwanza, mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu. Ulikuwa na miaka minne na ulikuwa unanipiga mateke. Usinipimie tena mizigo. Nilisoma barua yako kwenye chumba cha pasi, nikaunguza shuka la hospitali. Basi, hilo limekwisha.

Nilibandika mikunjo Ijumaa. Jumamosi baada ya chakula cha mchana tukakaa kwenye mkeka, nikamwambia baba ametuma picha alizozisahau. Sikusema alizosahau, samahani, nilisema alizoogopa kuzichora. Muuguzi alinionya nisizunguke.

Ile ya kwanza aliiangalia muda mrefu. Akasema, "Amelia tena na shangazi hajaondoka." Nikasema hajaondoka. Ya pili akaweka kidole.

"Huyu mkubwa ni nani?"

"Baba yake."

"Baba naye anajikunja?"

"Naye."

"Alimwambia nani?"

"Alikuwa hajamwambia mtu. Sasa ameniambia mimi, na amesema nikwambie wewe."

Nikamweleza habari ya mwenzako aliyeumia, na kwamba mikono yako inatetemeka, na kwamba hilo ndilo lililokuzuia, si kulia kwake. Halafu akauliza, "Nikilia leo, kesho itakuwa nini?" Nikamwambia kesho ni Jumapili, ulie usilie.

Ndipo akaanza. Mdogo wangu, alilia kilio cha miezi minne. Mama wa chumba cha pili alikuja mbio na mwiko mkononi, akidhani nyoka ameingia. Nikampungia mkono aondoke, hakuondoka, akakaa, naye akaanza kulia bila kujua kwa nini. Nilimshika Kibibi, sikumwambia nyamaza. Ni neno gumu kulizuia mdomoni, sikujua nimelizoea hivyo. Alipomaliza alikuwa na kwikwi, akaomba chakula, akala sahani mbili, akalala palepale mkekani mdomo wazi.

Nisikupambie. Jumatatu alilia kwenye geti, kidogo, akajifuta akaingia. Kitanda kilikuwa kikavu siku nne, kikalowa, sasa ni kikavu tena. Mkononi hakuna alama mpya. Mistari aliifuta mwenyewe kwa kitambaa, akaniambia nimpe kazi nyingine ya ukutani.

Muuguzi anaomba mchore mikanda zaidi, ya watoto wanaosubiri pale benchini. Anataka cha hasira, na cha ndege mwenye jiwe. Ila anaomba kabla hamjatuma, mkisome kwanza mbele ya mtoto mmoja mmuulize ameelewa nini. Nilimwambia tumeshajifunza.

Nilimuuliza Kibibi anataka nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema, "Mwambie aje na mikono hiyohiyo."

Dada yako


15 Agosti

Dada yangu,

Natumaini barua hii inawakuta wote kama ile yako ilivyonikuta mimi, yaani nikiwa mwepesi. Hilo shuka nalionea huruma. Mikanda ya muuguzi inakuja kwenye boksi, kumi na miwili. Hatukuwa na mtoto wa kumsomea, tukamsomea msimamizi. Cha ndege hakukielewa, tumekichora upya.

Mikono bado inacheza, hasa asubuhi, lakini juzi nilipita karibu na mashine ikiwa imewashwa na nikaendelea kutembea. Mrefu alikuwa nyuma yangu akinitukana ili nisisimame.

Nimeomba likizo na nimepewa, kuanzia tarehe tisa Septemba. Mrefu amesema atanifikisha kwenye basi mwenyewe, na nikikaa kitandani na viatu atanibeba na kitanda. Nitafika tarehe kumi, mchana. Safari hii mwambie mtoto siku. Asubiri kitu chenye tarehe.

Ila jambo moja nakuomba, na ulirudie mpaka alichoke. Usimwambie nakuja kwa sababu alilia. Wala kwa sababu aliwahi kunyamaza. Mwambie baba anakuja kwa sababu likizo imefika na kiti kwenye basi kipo. Akilia nikifika, alie. Nami nikilia, huyo mama mwenye mwiko mumzuie mlangoni.

Mdogo wako